Raging Bull yako imekaa katikati ya TV kama stempu kwenye bahasha? Soma hapa kabla hujairudisha

Habari zenu wateja wetu. Leo naandika kuhusu muvi moja tu, Raging Bull, ile ya ngumi ya Robert De Niro, kwa sababu diski zake ndo zinaletwa hapa dukani kwa malalamiko kuliko za muvi nyingine yoyote, na inaniuma kwa kweli maana ni muvi kubwa sana na watu wanaiacha njiani wakidhani ni mbovu, wakati shida ipo kwenye diski, au ipo kwenye mipangilio ya TV, au hamna shida kabisa na ndivyo ilivyotengenezwa.

Juzi kaja mzee mmoja mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, mtu wa ngumi haswa, ukikaa naye anakusimulia mapambano ya Muhammad Ali moja baada ya jingine bila kukosea. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, hebu niangalizie hii kitu. Akatoa kava kwenye bahasha ya kaki. Diski yenyewe hakuinunua kwetu, aliletewa na ndugu yake kutoka Marekani, ni lile toleo la DVD la mwanzo la mwishoni mwa miaka ya 90. Tukaiweka kwenye TV ya hapa dukani, inchi 43, na kweli bana, nyeusi juu, nyeusi chini, nyeusi kushoto, nyeusi kulia, alafu muvi iko katikati imejikunyata. TV kubwa yote ile unaangalia kipande. Mzee akaniambia nyumbani mjukuu wake alishika rimoti akaivuta mpaka ikajaa kioo chote, hapo ndo ikawa mbaya zaidi, De Niro akawa bonge tangu pambano la kwanza.

Hapo kwenye ubonge naomba tukae kidogo, maana ndo moyo wa jambo lenyewe.

Muvi imetoka 1980, dairekta ni Martin Scorsese, na inamhusu bondia wa kweli, Jake LaMotta wa Bronx, New York, bingwa wa dunia wa uzito wa kati. De Niro alifanya mazoezi na LaMotta mwenyewe mpaka mwili ukawa wa bondia kweli, misuli imekaza, tumbo hamna, wakashuti mapambano yote, alafu kazi ikasimamishwa, jamaa akaenda Italia na Ufaransa kula, kula tu, mpaka akaongeza kama kilo 27, ndo akarudi kucheza zile sehemu za LaMotta mzee amestaafu, ana klabu yake ya usiku, anahema kama amepanda ngazi hata akiwa amekaa. Mwili wake ndo hadithi. Unatakiwa umwone mkavu kama kamba ili baadae ukimwona vile ushtuke. Sasa ukiivuta picha ya diski ile ijae TV kwa upana bila kuongeza urefu, kila mtu anakuwa mpana zaidi kwa theluthi moja nzima, yani De Niro ananenepeshwa na rimoti kabla hajanenepa mwenyewe, na ukifika kule mwisho huoni tofauti. Muvi imekufa hapo na hamna aliyekwambia.

Kwa nini ikawa hivyo? Wakati diski ile inatengenezwa watu wengi walikuwa na TV za kichogo. Kioo cha TV ya kichogo ni nne kwa tatu, karibu mraba, na muvi hii ilishutiwa kwa upana wa 1.85 kwa kila 1 ya urefu, ni pana zaidi. Ili iingie kwenye kichogo bila kukatwa pembeni wakaweka mistari myeusi juu na chini, sawa, lakini walichofanya ni kuichoma ile mistari humo humo ndani ya picha, kana kwamba nayo ni sehemu ya muvi. DVD ya Marekani ina mistari 480 ya picha kutoka juu mpaka chini, na hapo muvi inabaki na kama 346 hivi, iliyobaki yote ni giza mlilolinunua. Kwenye kichogo ulikuwa huoni ubaya. Ukija kwenye TV flati ya siku hizi, TV inapokea kile kimraba chote na giza lake, inakiweka katikati, inaongeza nyeusi za pembeni, ndo unapata nyeusi pande nne. DVD zilizotengenezwa vizuri, hata wakati ule zilikuwepo, zinaibana picha kwa upana ili itumie mistari karibu yote, alafu deki na TV wanaifungua wenyewe. Muvi ya heshima hii, iliyopata Oscar mbili, ya De Niro na ya mhariri Thelma Schoonmaker, kupewa diski ya namna ile haikuwa sawa, nasema wazi. Watu walisubiri mpaka 2005 likatoka toleo la diski mbili lililorekebishwa.

Kama unayo ile ya zamani usiitupe. Chukua rimoti ya TV, sio ya deki, tafuta kitufe cha umbo la picha, nyingi wameandika P.SIZE au ASPECT, alafu chagua ZOOM. Usichague WIDE wala FULL wala STRETCH kwa diski hii. ZOOM inakuza pande zote kwa usawa kwa hiyo nyeusi zinaondoka na sura za watu zinabaki kama Mungu alivyowaumba. Itakuwa na ukungu kidogo kwa sababu mistari ni ile ile michache imekuzwa, hilo hamna fundi atakayelitoa, ila umbo linakuwa sahihi. Tulivyomfanyia mzee hivyo akasogeza kiti mbele bila kusema kitu.

Sasa kuna malalamiko mengine tunayapata ambayo diski haina kosa lolote, na hapa naomba mniamini maana tumeshabadilishia watu diski mara mbili mara tatu na shida ikabaki pale pale.

La kwanza, katikati ya muvi nyeusi na nyeupe ghafla inakuja rangi, rangi yenyewe imepauka, ina mikwaruzo, inarukaruka, mtu anasema hapa CD imeliwa. Haijaliwa. Ni sehemu ya harusi na familia ya LaMotta, imetengenezwa ionekane kama mikanda ya nyumbani ya zamani, ile mnayotuletea ya harusi za baba na mama zenu tuihamishie kwenye flash, na ile mikwaruzo Scorsese kaiweka kwa makusudi kabisa. Ukitoa hizo sehemu na lile jina la muvi mwanzoni lililoandikwa kwa nyekundu, rangi nyingine hamna, kwa hiyo usihangaike kubadilisha waya.

La pili, kuna pambano mojawapo na Sugar Ray Robinson, mpinzani mkubwa wa LaMotta, picha inacheza cheza kama unaangalia lami saa saba mchana. Hapo waliwasha moto mbele ya lenzi wakati wa kushuti, ili ulingo uonekane kama jehanamu. Sio lenzi ya deki yako imechafuka.

La tatu ni sauti kukata. Pambano la mwisho, lile la tarehe 14 Februari 1951 pale Chicago, Robinson anarudi nyuma kidogo kabla hajammaliza LaMotta, taa zinafifia, makelele ya watu yanazima kabisa, kimya, unasikia kama pumzi tu, na dada mmoja alituletea deki nzima akidhani spika zimekufa. Subiri sekunde chache tu. Ngumi zikianza kushuka utajua spika ni nzima. Yule mtu wa sauti, Frank Warner, alitumia mpaka matikiti na nyanya zinazopasuliwa kutengeneza mlio wa konde usoni, kila flashi ya kamera nayo ina mlio wake, kwa hiyo hata kile kimya kimepangwa.

Na kuna wanaouliza kwa nini isiwe ya rangi wakati 1980 rangi ilikuwepo. Sababu ni kadhaa, mojawapo dairekta Mwingereza Michael Powell alipoona mikanda ya mazoezi ya De Niro alimwambia Scorsese zile glavu nyekundu haziko sawa, na Scorsese mwenyewe kipindi hicho alikuwa anapigia kelele filamu za rangi zinazopauka zikikaa miaka. Kwa hiyo tafadhali usije kutuomba tuiwekee rangi.

Ila maongezi kuwa chini sana na ngumi kupasua masikio, hilo lina pande mbili. Upande mmoja muvi ndivyo ilivyo, ndani ya nyumba watu wanaongea kwa sauti ya kawaida, kwenye ulingo sauti inafunguka kote. Upande wa pili ni deki. Kama deki imewekwa itoe sauti ya spika sita na wewe umechomeka waya mwekundu na mweupe tu, maongezi yanaenda kwenye spika ya katikati ambayo hunayo. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya deki, weka stereo, au spika mbili, Joe Pesci utamsikia mpaka utachoka, maana humu ni mdogo wake LaMotta na anaongea kwelikweli.

Mwingine kaja kulalamika kauziwa muvi iliyokatwa, kava la Marekani linasema dakika 129, yake ya Ulaya inaisha kwenye 124. Haijakatwa. Filamu ya sinema inaenda picha 24 kwa sekunde, DVD za mfumo wa PAL, ambao ndo wa Ulaya na wa kwetu pia, zinaenda 25, kwa hiyo muvi nzima inakimbia kidogo na sauti inapanda kidogo sana, dakika tano zinapotea bila tukio hata moja kutolewa.

Kuhusu namba za kanda, yani namba inayosema diski imetengenezwa kwa ajili ya sehemu gani ya dunia, nitasema haraka maana tumeshaziongelea sana hapa dukani. DVD, Afrika Mashariki tupo namba 5, Marekani ni 1, Ulaya ni 2. Deki nyingi za bei nafuu zinasoma zote, za majina makubwa mara nyingi zinagoma, kwa hiyo uliza kabla ndugu yako wa Marekani hajabeba. Blu-ray, zile diski za picha safi kuliko DVD, sisi na Ulaya ni B, Marekani ni A, na hapo deki nyingi hazina huruma. Diski za 4K, ambazo picha yake ni safi kuliko hata Blu-ray, hazina kanda kabisa, zinapiga popote, mradi una deki ya 4K au PS5 yenye sehemu ya diski. PS4 haisomi 4K, tusigombane.

Mkiniuliza ununue ipi, kwa mwenye deki ya DVD chukua ile ya diski mbili ya 2005 na kuendelea, angalia nyuma ya kava kama wameandika 16:9 au ANAMORPHIC, yani ile ya kubana picha kwa upana niliyoeleza hapo juu. Mwenye Blu-ray, iliyotoka 2009 inatosha vizuri. Na mwenye uwezo wa 4K, toleo la 2022, hapo ndo utaona ule moshi wa ukumbini ukiwa moshi. Kwenye DVD iliyobanwa sana moshi unageuka vibokisi vibokisi, kwa sababu kitu kinachosambaa polepole vile kila sehemu ya picha ndo kigumu zaidi kukibana, na kwenye zile za kuchoma zenye muvi kumi ndani ya diski moja ndo usiseme, LaMotta anapigana ndani ya mosaiki. Hata diski nzuri ukiiweka kwenye TV ambayo mpangilio wake wa picha upo kwenye VIVID, weupe unakuwa wa bluu na jasho linang'aa kama plastiki. Weka MOVIE au CINEMA, alafu zima ile inayolainisha mwendo.

Ukiwa na diski inayosumbua, hii au nyingine, ije na kava lake, maana kava ndo linatuambia mfumo, kanda na toleo, na kama unaweza njoo na rimoti ya deki pia. Kuikagua hatuchaji. Mikwaruzo ya juu juu tunaipolishi, ile iliyozama hatutakudanganya. Nyumbani ifute kwa kitambaa laini kuanzia katikati kwenda nje, mstari ulionyooka, usizungushe.

Yule mzee alikaa mpaka mwisho, duka lina watu na yeye yupo kwenye kiti chake. Pale Robinson anapomwacha LaMotta, uso umevimba wote, amesimama bado, anamfuata mwenzake kumwambia kwamba hakuangushwa, alafu kamera inahamia kwenye kamba ya ulingo inayodondosha damu tone moja moja, mzee akanyoosha mkono bila kugeuka kuniangalia. Mwanangu, rudisha nyuma kidogo. Nikarudisha.