Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro: mtu wa gongo si mtu wa mirungi

Ndugu Mganga Mkuu,

Naandika kutoka Pasua, Moshi. Nina kaka wawili, tumenyonya ziwa moja. Mkubwa alizama kwenye gongo. Wa pili, deiwaka (dereva wa kushikiza) wa Fuso za Tanga, alianza mirungi asisinzie barabarani, akaishia hagusi usukani bila handasi, ile stimu ya mirungi.

Mkubwa ni mwoga wa watu tangu utotoni. Kikao cha ukoo haingii mpaka apate kitu kidogo. Asubuhi kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili na bado kinamwagika. Wa pili huogopa utulivu. Ndiye aliyekuwa akidandia basi la kwanza analoliona, hana hata pa kwenda.

Mwaka jana tuliwapeleka sober hausi moja, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha ulevi na dawa. Chumba kimoja, ratiba moja: kaeni mduara, kila mtu aeleze maisha yake. Wa pili alieleza mpaka watu wakacheka, siku ya tatu akaruka ukuta. Mkubwa hakufungua mdomo. Tena usiku wa pili, pombe ikiwa imekatwa ghafla, alipata degedege, wasimamizi wakaanza kukemea mapepo. Wewe unajua kuliko mimi, Daktari: arosto ya unga, yaani mateso ya kukosa heroini, humtesa mtu vibaya ila ni nadra kumuua, lakini mnywaji wa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kufa.

Tofauti za hulka nazo zimepimwa. Mwaka 2008 mtafiti Antonio Terracciano na wenzake walichapisha utafiti wa Baltimore, Marekani: watumiaji wa heroini na kokeini walizidi wengine kwa wasiwasi na walipungukiwa nidhamu, wavuta bangi wasiwasi wao ulikuwa wa kawaida, ila walipenda mambo mapya. (Hulka ilitangulia, au dawa ndiyo iliyoigeuza? Hapo sina ubishi.)

Siombi jengo. Naomba muuguzi wa afya ya akili apite sober hausi, kila anayeingia aulizwe anatumia nini, tangu lini, na ni mtu wa namna gani. Methadoni, dawa mbadala iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, ni ya watu wa heroini. Kaka zangu haiwahusu.

Mkubwa amerudi nyumbani, na ameanza tena. Wa pili alipiga simu juzi, anasema yuko Same, anapumzika. Same, Daktari, mirungi inakotoka.

Dada yao,
Pasua