Mwanangu, kalamu isitangulie hesabu

Mwanangu Hamisi,

Asalamu alaikum. Sisi huku wazima, hofu ni kwako tu. Goti la bibi yako limetulia tangu tulipoanza kumkanda kwa mafuta ya karafuu, ila kila jioni bado anauliza utaleta mke lini.

Neno lililonifanya nishike kalamu ulilipita mbio kwenye simu. Ulisema umepewa uajenti wa chama kwenye kituo cha kura huko Kasarani, Nairobi, nikasema alhamdulillahi. Halafu ukaongeza kwamba mratibu wenu wa wadi amewaambia mtasaini fomu za matokeo mapema, mchana watu wakiwa wachache, ili usiku msikawie. Ukacheka. Mimi sikucheka, baba. Matokeo gani hayo ya kusainiwa mchana, na masanduku bado yanapokea kura?

Usitie sahihi fomu tupu. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo, upande wa msimamizi wa kituo, kwa hivyo haya siyakisii.

Fomu 34A si risiti ya posho. Ndiyo karatasi inayobeba kura za rais za kituo chako, na zinazofuata baada yake, 34B ya eneo bunge na 34C ya taifa, ni majumlisho tu. Mwaka 2022 vituo vilikuwa 46,229, na picha za 34A zikawekwa kwenye tovuti ya Tume ya Uchaguzi kila mwenye simu azione. Sahihi yako haitakaa kwenye droo ya mtu. Na ukishaiweka juu ya nafasi tupu, mwenye kujaza tarakimu baadaye amekugeuza shahidi wake. Ukienda mahakamani kusema tarakimu zimebadilishwa, swali la kwanza utakaloulizwa ni hili: hii sahihi ni ya nani?

Siku yenyewe ni Jumanne, 10 Agosti 2027, kwa kuwa Katiba inataja Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Kituo kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Wewe uwe mlangoni saa kumi na moja, na barua ya uteuzi, kitambulisho, na kiapo cha kutunza siri kikiwa kimeshaapwa. Ajenti aliyesahau barua husimama nje na wapiga kura, akilaumu kila mtu. Beba kalamu mbili, daftari, mkate na maji. Chakula cha chama usikitegemee, kwanza huja saa tisa, pili huja na mtu wa kukuita nje "dakika mbili tu". Na hizo dakika mbili ndizo wanazozitaka.

Kabla ya mpiga kura wa kwanza kuingia, msimamizi atawaonyesha kila sanduku likiwa tupu, kisha alifunge kwa mihuri ya plastiki yenye nambari. Andika nambari zote. Andika pia nambari ya kwanza na ya mwisho ya vitabu vya karatasi za kura. Jioni, sanduku lisifunguliwe kabla hujalinganisha. Nambari ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, sema hapohapo, na uombe iandikwe kwenye shajara ya kituo. Usinong'one na ajenti mwenzako halafu ukalilie redioni siku ya tatu.

Mchana ni mrefu na unachosha. Wazee wenye vidole vilivyochakaa kwa jembe na kamba za nyavu, mashine haiwatambui upesi. Watatafutwa kwa nambari ya kitambulisho na fomu yao ijazwe. Usiwapigie kelele wala usimwache mtu yeyote awafukuze, haki yao ni sawa na yako. Asiyeweza kujipigia kura anaweza kuja na mtu wake wa kumsaidia. Asipokuwa naye, humsaidia msimamizi mbele yenu maajenti. Hapo sogea utazame alama inawekwa wapi, na mdomo uufunge. Wewe ni jicho la mgombea, si mkalimani wake. Kila saa andika idadi ya waliotambuliwa na mashine, uwe na hesabu yako mwenyewe kabla hujaambiwa ya mtu. Saa kumi na moja jioni kituo hufungwa, lakini aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo atapiga kura.

Sasa hesabu, na hapa nitakuchosha.

Sanduku la rais huanza. Kila karatasi inatolewa, inatajwa kwa sauti, mnaonyeshwa, inawekwa kwenye rundo lake. Kama hujaiona, sema hujaiona. Usione haya, hata wakikuita msumbufu. Kuna maneno matatu yanayochanganywa usiku, na mkanganyiko wake ndio unaovuruga fomu nyingi. Kura iliyoharibika ni ile mpiga kura aliyoikosea akairudisha akapewa nyingine. Haiingii sandukuni kabisa. Iliyokataliwa imeingia sandukuni lakini haihesabiki: imewekwa alama kwa wagombea wawili, au haina alama, au haina vitambulisho vya usalama vya Tume, au mtu ameandika jina lake kwa furaha. Yenye mzozo ni ile mnayobishania, na msimamizi huamua, na uamuzi wake huandikwa.

Tuseme karatasi 438 zimetolewa kwa wapiga kura, na 3 ziliharibika. Sandukuni lazima zitoke 435. Kati ya hizo 5 zimekataliwa. Halali ni 430. Mgombea wa kwanza ana 251, wa pili 168, wa tatu 9, wa nne 2. Jumlisha mwenyewe, kwa kalamu, usisubiri karani. Zikitoka 430, sawa. Zikitoka 435, kuna aliyezitia zilizokataliwa ndani ya halali, na hilo ndilo kosa ninalolijua kuliko yote, kwa kuwa saa nane usiku mtu huona nambari mbili akachukua iliyo karibu. La pili ni kupindua tarakimu: 251 kuandikwa 215. Linganisha fomu na daftari lako, tarakimu kwa tarakimu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ilishasema kura zilizokataliwa haziingii kwenye asilimia za wagombea wa urais, basi kukosea safu si jambo la wino tu.

Usiporidhika, omba kura zihesabiwe tena. Kanuni zinakupa haki hiyo, lakini si zaidi ya mara mbili, kwa hivyo usiitumie kwa kukasirika. Itumie ukiwa na nambari mkononi: "Sandukuni zimetoka 435, hapa nimeandika 430 na 5, nyinyi mna 433."

Hapo ndipo kalamu. Fomu ikishajazwa yote, umeisoma, majumlisho yamekubali, nakala ya chini inafanana na ya juu (kalamu nyepesi haifiki chini, nawe utabaki na karatasi yenye mikwaruzo), ndipo utie sahihi. Ukikataa, andika kwa nini. Kukataa peke yake hakufuti matokeo; msimamizi ataandika kwamba ajenti amekataa, na kituo kitaendelea. Maajenti wengi hudhani wakitoka kwa hasira wameharibu uchaguzi. Wamejiharibia nafasi yao tu. Sababu ikiandikwa, "nambari ya muhuri haikulingana", hiyo ni kitu cha kushikika.

Na usiondoke bila nakala yako. Usiondoke pia kabla nakala moja haijabandikwa mlangoni. Mlangoni pale hata mama muuza mahamri anaweza kuipiga picha, na ndiyo maana inabandikwa. Tazama fomu ikitumwa kwa mashine, sikiliza mtandao ukikataa, andika saa. Mwaka 2017, tarehe 1 Septemba, majaji wanne dhidi ya wawili wa Mahakama ya Juu walifuta uchaguzi wa rais, na ugonjwa mkubwa waliouona ulikuwa kwenye safari ya matokeo kutoka vituoni kwenda juu. Nchi ikarudi kupiga kura 26 Oktoba. Kesi ya urais hufunguliwa ndani ya siku 7 tangu tangazo na huamuliwa ndani ya 14 tangu kufunguliwa. Katika siku hizo chache hakuna anayetafuta hotuba. Wanatafuta karatasi.

Najua utanijibu kimoyomoyo: wewe mama umetia sahihi ngapi bila kusoma? Mkopo wa mjombako unaokatwa kwenye hisa zangu unaujua. Nilionyeshwa penye alama ya penseli, nikaweka. Mabati ya jikoni hayajabadilishwa mpaka leo. Tuliache hilo.

Juni 2024 ulipokuwa barabarani kwa ule Mswada wa Fedha, nilikupigia simu mchana kutwa hupokei, na uliporudi hewani nilikutukana. Kifungu cha 37 cha Katiba kinakupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha, nakijua, hukuwa na haja ya kunisomea. Mswada ulipoondolewa sikukupigia tena. Ila jirani yetu Bi Mwanasha anaweza kukwambia nilikuwa nikisema nini barazani.

Lakini wewe huyohuyo, jina lako la mpiga kura bado liko Msambweni! Miaka mitatu nakwambia. Kituo unachokilinda si lazima kiwe chako cha kupiga kura, na Kasarani hakuna atakayekupa karatasi kwa sababu una beji ya ajenti. Kuhamisha ni kwenda ofisi ya Tume ya eneo bunge unakohamia, na kitambulisho chako mwenyewe, siku zisizopungua 90 kabla ya kura. Rudi nyuma kutoka 10 Agosti utaangukia 12 Mei. Usingoje 12 Mei. Utalinda kura za watu mchana kutwa, yako ikalala huku kwetu?

Kuhusu huyo mratibu, usigombane naye mbele ya watu, ana watoto na ana wakubwa wake. Mwambie tu: nitasaini ikishajazwa. Akisema wengine wamekubali, rudia: nitasaini ikishajazwa. Akitaja kukukata posho, akate. Akikupa zaidi ya mlichokubaliana, hiyo si posho tena, ni hongo, na sheria ya makosa ya uchaguzi haiangalii bahasha imeandikwa nini juu.

Hapa nyumbani, mbuzi mweusi amezaa wawili, mmoja mgonjwa. Mkwezi amepandisha bei, sasa anataka shilingi hamsini kwa mnazi, nimemwambia asubiri. Karo ya Mwanaidi imebaki elfu nne na mia tano, usitume kabla hujalipa nauli zako. Ile koti yako ya mvua bado iko msumarini nyuma ya mlango, mwambie dereva wa basi wa Ijumaa aipitie, maana Nairobi mwezi wa nane ni baridi na utakesha nje ya darasa la watu.

Na picha ya fomu, ile ya mlangoni, nitumie usiku huohuo hata kama ni saa tisa. Iwe kwenye simu ya Mwanaidi. Yangu kioo kimepasuka katikati, tarakimu za mwisho hazionekani.

Mamako