Barua ya wazi kwa wanaolea vijana wa miaka 15 hadi 25

Wanangu,

Baada ya salamu. Kijana wa miaka 15 akitoroka shule, akijibu ovyo na kupigana, nyumba nzima huamka. Huyo huyo akifika miaka 21 akatulia, haletewi tena mashtaka, mnashukuru kwamba sasa amekua. Mara nyingi ni kweli. Mara nyingine tatizo limehama tu, limetoka mikononi likaingia moyoni, na ninyi mmeshaacha kumwangalia.

Ukaidi wa balehe, kwa wengi, hupita. Watafiti wa Dunedin, New Zealand, wamefuatilia kwa miongo kadhaa watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973, na wakatenganisha njia mbili. Kuna wanaoanza ugomvi na uonevu tangu wadogo na kuendelea nao ukubwani. Wengine, ambao ndio wengi, huanza wakishabalehe kwa kufuata marafiki, kisha huacha polepole wanapopata kazi, mwenzi na majukumu. Kwa hiyo kabla ya kupima ukubwa wa kosa, ulizeni lilianza lini. Mtoto anayeumiza wenzake na kutesa wanyama akiwa na miaka 6 asisubiriwe akue. Atafutiwe msaada mapema, na wazazi wake pia wafundishwe namna ya kumwongoza.

Hata yule wa njia ya pili anaweza kunasa. Tabia huisha, lakini rekodi ya polisi, uraibu, mimba ya mapema na shule iliyokatishwa hubaki. Ndiyo maana sipendi adhabu ya kumfukuza kijana shule moja kwa moja: inamfungia mlango ambao angetokea.

Matatizo ya hisia huenda kwa namna yake. Utotoni, sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, haitofautiani sana kati ya wasichana na wavulana. Baada ya balehe wasichana huipata karibu mara mbili zaidi. Kwa kijana wa miaka 16 inaweza kuja kama hasira za karibu, mkaiita jeuri. Akiwa na miaka 22 mtaona analala hadi mchana, hapokei simu, na siku moja mnagundua kwamba aliacha chuo muhula mzima uliopita. Aliyekuwa na hofu ya watu huenda akagundua kwamba bia mbili kabla ya shughuli zinamlegeza, zikawa nne, kisha hatoki bila kunywa. Na yule mtoto asiyetulia kitini? Kurukaruka hupungua, ila kusahau, kuchelewa na kuacha kazi nusu hubaki, naye huitwa mvivu.

Yapo pia magonjwa mazito ya akili ambayo mara nyingi huanza umri huu, kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, kwa wanaume mapema kidogo kuliko wanawake. Usingizi unageuka, anajitenga, anashuku kwamba watu wanamsema, anasikia sauti. Bangi kali, hasa ikivutwa kila siku, huongeza hatari. Hapo msingoje mwezi uishe. Kadiri tiba inavyochelewa ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Kwa sonona, kipimo cha kuanzia ni wiki mbili: huzuni, hasira au kukosa hamu ya chochote, sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, mpaka masomo, kazi au usingizi vinavurugika. Mkiwa na shaka, muulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake, sumu na dawa ziondolewe nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akiandikiwa dawa za sonona, mjue nafuu huanza kuonekana baada ya wiki 2 hadi 4, pengine zaidi. Wengi huacha wiki ya kwanza wakisema hazifai. Kwa walio chini ya miaka 25 wiki hizo za mwanzo ndizo za kumwangalia kwa karibu zaidi, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Akipata nafuu, kwa kawaida huendelea nazo miezi 6 au zaidi, na huzipunguza kwa maelekezo ya daktari, kamwe si ghafla.

Jambo la mwisho watu hulisahau kabisa. Sehemu nyingi, kijana anayetibiwa akitimiza miaka 18 huduma ya matibabu ya watoto humwachia, na ya watu wazima haimjui. Miezi kama sita kabla, ombeni barua yenye jina la tatizo, dawa na dozi zake, na zile zilizojaribiwa zikashindwa. Nakala moja akae nayo mwenyewe. Kuanzia hapo daktari atahitaji ridhaa yake ili azungumze nanyi, basi mwombeni ridhaa hiyo akiwa mzima, achague mwenyewe nani apigiwe simu hali ikibadilika.

Mzee wenu.