Kasoro ni ya RAM au ya sloti yake?

Kwa Mhariri,

Naomba ushauri wa mafundi wanaosoma ukurasa huu, tena mapema iwezekanavyo, kwa kuwa muuzaji alinipa siku saba za kurudisha kipande cha RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), siku nne zimekwisha, naye hakubali kwamba kina kasoro.

Kompyuta yenyewe niliiunda kwa mikono yangu hapa nyumbani Umoja, nikinunua sehemu moja moja kila nilipopata fedha. Kwa miezi mitatu ilifanya kazi vizuri ikiwa na kipande kimoja cha RAM aina ya DDR4 cha GB 8. Wiki iliyopita nilishuka Luthuli Avenue nikaongeza cha pili, cha ukubwa uo huo na chenye kasi ile ile ya 3200, ingawa vimetoka kwa watengenezaji tofauti. Tangu siku hiyo skrini ya bluu yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT hunitokea mara mbili au tatu kwa siku, na kompyuta huzimika.

Kuzimika ningeweza kukuvumilia. Lakini riziki yangu ni kuskani picha za zamani za familia za watu, na juzi picha ya arusi ya mwaka 1974, niliyoikagua mwenyewe kabla ya kuinakili kwenye diski nyingine, ilifunguka ikiwa safi hadi kifuani mwa bibi arusi, na kuanzia hapo kushuka chini ni mistari ya zambarau na kijivu. Nashukuru kwamba picha ya karatasi ilikuwa bado mezani kwangu.

Niliweka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi nikaiacha ikipima usiku kucha. Vipande vyote viwili vikiwa pamoja kwenye sloti (nafasi ya kuchomekea RAM) ya pili na ya nne, kama kitabu cha ubao mama (motherboard) kinavyoelekeza, na XMP, yaani mpangilio wa kuiendesha RAM kwa kasi yake kamili ya 3200, ikiwa imewashwa, nilipata makosa 41. Nilipozima XMP, kasi ikashuka hadi 2666 na makosa yakabaki 6. Ndipo nikazima umeme ukutani, nikasafisha migusano ya dhahabu kwa raba, nikapima kimoja kimoja, mizunguko minne kila mara. Kile cha zamani hakikutoa kosa hata moja katika sloti yoyote kati ya hizo mbili. Kipya kilitoa makosa katika sloti ya nne kwa kasi zote mbili, lakini katika sloti ya pili kilipita kwa 2666, kikaanguka kwa 3200.

Hapo ndipo nilipokwama. Ikiwa sloti ya nne ni mbovu, mbona kipande cha zamani kinapita humo bila shida? Na ikiwa kipande kipya ni kibovu, mbona kinapita mahali pengine? Nimesoma kwamba pini iliyopinda chini ya prosesa, au feni ya prosesa iliyokazwa kupita kiasi upande mmoja, huweza kuleta makosa yanayofanana kabisa na ya RAM, na mimi ndiye niliyeikaza ile feni. Muuzaji kwa upande wake alikichomeka kipande hicho kwenye mashine yake, Windows ikawaka, akasema ni kizima na kwamba stima ya mtaani kwetu ndiyo mbaya. Sidhani kuwaka kwa dakika tano kunathibitisha lolote.

Je, matokeo haya yanatosha kumdai anibadilishie, au kwanza nifungue feni niikague prosesa? Je, ni salama kujaribu kuongeza volti kutoka 1.2 hadi 1.35 kwa kipande ambacho pengine nitakirudisha? Na zaidi ya yote, picha 300 hivi za wateja nilizozinakili wiki hii, ambazo asili zao nyingi nimekwisha kuzirudisha, nitazitambuaje zilizoharibika bila kuzifungua moja baada ya nyingine?

Wako mwaminifu,
Msomaji, Umoja, Nairobi.