Nataka kuisoma ng'ambo ya Ruvuma: niende chuo gani?

Mhariri na wasomaji wenzangu, wakubwa zangu shikamooni.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, kombi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Tume ya Vyuo Vikuu inataka masomo mawili ya msingi yafikishe pointi 4, na mimi nimezidi hapo, kwa hiyo nafasi ya chuo ipo. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba ninachotaka kukisoma hakieleweki nyumbani, na kila chuo ninachokiangalia kina kipande chake tu.

Nataka taaluma za kanda: unachukua sehemu moja ya dunia na kuisoma yote kwa pamoja, lugha zake, historia, dini, siasa na uchumi. Sehemu yangu naijua tangu zamani. Ni kaskazini ya Msumbiji pamoja na pwani yetu ya kusini, kuanzia Kilwa.

Mimi ni mtoto wa Newala. Ukisimama pale Shimo la Mungu unaliona bonde lote la mto Ruvuma, mpaka wetu na Msumbiji, na ng'ambo kule ni Nangade. Bibi mzaa mama alizaliwa Mueda, upande wa Msumbiji, akavushwa na wazazi wake vita vya ukombozi vilipoanza 1964. Wamakonde, Wamakua na Wayao tuko pande zote mbili za mto. Lakini shuleni Msumbiji niliisoma kwa kupita: Wareno, chama cha ukombozi cha FRELIMO, uhuru wa 1975, tukahamia mada nyingine. Vita vilivyoanza Cabo Delgado, jimbo la kaskazini ya Msumbiji, Oktoba 2017 vimefika hadi kwetu, maana Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Bado sijakutana na mtu wa huku aliyeweza kunieleza vizuri chimbuko lake.

Siku moja nilimsindikiza dada yangu kliniki. Mbele yetu alikuwepo mama aliyevuka na mtoto mgongoni, akatoa kadi ya chanjo ya mtoto. Imeandikwa Kireno. Nesi akaigeuza mbele na nyuma, akamuuliza kwa Kiswahili, yule mama akajibu kwa Kimakonde, sisi tuliokaa kwenye benchi tukatafsiri. Kimakonde tulikiweza, ila kadi hakuna aliyeweza kuisoma. Tangu siku ile naamini kwamba anayetaka kuisoma sehemu hii lazima aanze na Kireno, mengine yafuate. Hata habari za masultani wa Kilwa zimetufikia kwa njia mbili kubwa: mwanahistoria Mreno João de Barros aliyezichapisha Lisbon mwaka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyohifadhiwa London.

Sasa vyuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho chenye historia ninayoipenda. Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, alifundisha pale. Yoweri Museveni, akiwa mwanafunzi pale mwishoni mwa miaka ya 1960, alivuka na wenzake hadi maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, akarudi akaandika aliyoyaona. Hicho hasa ndicho ninachokitamani! Lakini shahada ninazoziangalia pale zinafuata somo, mtu anachukua historia, au sayansi ya siasa, au akiolojia, na mimi sitaki kuikata sehemu yangu vipandevipande. Uzuri wake ni kwamba nikidahiliwa naweza kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na nikipata bumu, yaani pesa ya kujikimu, mama yangu atapumua.

Cha pili ni Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo. Wana Kituo cha Taaluma za Kiafrika kilichoanza 1976, na Ruth First, msomi wa Afrika Kusini aliyepinga ubaguzi wa rangi, alikuwa mkurugenzi wa utafiti pale hadi alipouawa 1982 kwa bomu lililofichwa ndani ya bahasha. Watafiti wake waliwafuata wachimba migodi wa Kimsumbiji waliokwenda Afrika Kusini, wakasoma maisha yao huku na huko, kazini na vijijini walikotoka. Nadhani Ruvuma inahitaji kazi ya namna hiyo hiyo. Ila masomo ni kwa Kireno, ambacho sina zaidi ya salamu za bibi, na Maputo iko kusini kabisa ya nchi, mbali na Mueda na mbali zaidi na nyumbani.

Halafu kuna Ulaya. SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika cha London, kilianzishwa 1916 na Kiswahili wanakifundisha. Leiden, Uholanzi, kuna kituo cha taaluma za Afrika tangu 1947. Wenzetu huko wamezoea kuisoma kanda kwa pamoja, na maktaba zao zina vitabu ambavyo sijui nitaviona wapi kwingine. Inaniuma mtu wa Newala kulazimika kwenda Leiden kujifunza habari za Newala, lakini kama vitabu viko huko sitajifanya havipo. Tatizo ni pesa. Mwalimu wangu wa historia ameniambia ufadhili mwingi ni wa uzamili. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, ni ya uzamili, na inataka mtu awe amefanya kazi angalau miaka miwili.

Kwetu mjomba ndiye mwenye neno, na huyu ndiye aliyenisomesha tangu baba alipofariki. Anataka nichukue ualimu Stella Maris, hapa hapa Mtwara, nikae kwa ndugu. Ananiuliza, "Mwanangu, hiyo kanda utaajiriwa na nani?" Simlaumu. Yeye anategemea korosho. Mwezi huu pesa inaishia kwenye salfa ya kupulizia, na malipo hayaji mpaka minada ianze Oktoba, wakati chuo nacho kinadai ada.

Ndugu zangu mliopita njia hii, nishaurini. Je, nichukue historia Dar, nitafute Kireno pembeni, kanda niiache hadi uzamili? Au lugha ikicheleweshwa miaka mitatu ndiyo imepotea, na ni heri nianze na Maputo? Nani kati yenu amesoma Msumbiji akitokea Tanzania, na aliishije? Na aliyeajiriwa kwa elimu ya namna hii, iwe ubalozini, bandarini, kwenye mashirika ya wakimbizi, kwenye gesi au kwenye utangazaji, aniambie waajiri waliangalia nini kwanza: jina la shahada, au lugha anazozungumza. Jibu hilo nitamsomea mjomba kama lilivyo, liwe linanipendelea au linampendelea yeye.

Tafadhalini msichelewe, dirisha la udahili likifunguliwa itanibidi nijaze.

Msomaji wenu,
Newala, Mtwara