Kilima cha uchumi na kifusi cha bondeni

Mhariri,

Nasoma gazeti lako tangu enzi za kuazimana nakala moja mtaa mzima, na sijawahi kukuandikia. Ila makala yenu ya uchumi, ile yenye mchoro wa kilima, imenishinda. Mtaalamu wenu anasema nchi maskini huchafuka kwanza, ikishatajirika inajisafisha, kwa hiyo tuwe na subira.

Hakuwaambia wasomaji kwamba kilima hicho kilianza na mwanauchumi Simon Kuznets, mwaka 1955, akizungumzia pengo la kipato wala si mazingira. Waliokihamishia kwenye mazingira miaka ya 1990 walianza na moshi na salfa ya hewani mijini, vitu ambavyo hata tajiri anavivuta. Maji ya mafuriko tajiri hayanywi. Anayasukuma.

Nakaa Kigogo, upande wa mto Msimbazi. Ng'ambo kuna mwenye pesa zake alinunua bustani za mchicha, akaanza kumwaga kifusi usiku, lori likitoka lingine linaingia, mpaka ardhi yake ikawa juu kuliko madirisha yetu. Akazungusha ukuta wa zege, leo ni yadi ya magari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni. Nguzo za ukuta ule zimesimama majini! Masika iliyofuata Msimbazi ukakosa pa kutanukia, ukaja kwetu. Mama mkwe wangu tulimpandisha juu ya meza na Kurani yake kichwani, friji linaelea, magodoro yote yakawa ya kutupa. Nikaenda kwa mjumbe, mjumbe akanituma kwa mtendaji, mtendaji akanituma ofisi ya juu. Huko kijana mmoja, macho kwenye simu, akanijibu: "Mama, yule ana vibali. Nyie ndio mnakaa bondeni kinyume cha sheria." Basi sawa. Alama za X nyekundu za bomoabomoa ya mwishoni mwa 2015 tulizipata sisi. Ule ukuta naungojea X yake.

Pesa haikumfundisha kupenda mazingira. Ilimpa uwezo wa kuhamishia maji kwa asiye na wa kumpigia simu. Benki ya Dunia ilitutangaza nchi ya kipato cha kati Julai 2020. Tangu hapo barabara ya Jangwani, inayokatiza bonde hili hili la Msimbazi, imefungwa kwa mafuriko mara ngapi?

Na taka sijazigusa. Kijana wa risiti hakosi kila mwezi, gari la taka ndilo linakosa. Tunalipa tena wa toroli, naye giza likiingia anamwaga mtoni. Mifuko ya plastiki tuliiacha Juni 2019 tulipoamriwa, hatukubisha, kwa hiyo asituambie mtu kwamba watu wa hali ya chini hawasikii.

Pendekezo langu: kila afisa atakayesaini kibali cha kujaza kifusi bondeni apange kwetu kuanzia Machi hadi Mei. Kodi tutamchangia. Chumba cha uani kipo wazi, kile kinachotazama mto. Aje na gambuti, maana mvua ikianza wa huko juu hutapisha vyoo. Mtaalamu wa kilima naye anakaribishwa, kitanda ni dabo deka. Namshauri achukue cha juu.

Msomaji wenu,
Kigogo, Dar es Salaam