Kebo ya intaneti: ulizia shaba kabla ya nambari

Mhariri,

Anayeingia duka la vifaa vya kompyuta jijini Nairobi kutafuta waya wa kuunganisha rauta na runinga hupokewa na nambari za madaraja ya kebo: Cat5e, Cat6, Cat7, Cat8. Muuzaji humwambia kwamba nambari ikipanda kasi nayo hupanda, na bei haibaki nyuma. Mteja hulipa, akarudi zake Umoja au Kasarani, akachomeka, na kifurushi chake cha megabiti 30 kikabaki megabiti 30 zile zile. Tunaandika kwa sababu nambari hizo, jinsi zinavyotangazwa, humfanya mnunuzi atafute dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Kinachoangusha mitandao ya nyumbani hapa kwetu ni metali iliyomo ndani ya kebo, na mkono uliofunga vichwa vyake.

Nambari zenyewe si uongo. Cat5e hupimwa hadi megahezi 100 na hubeba gigabiti 1 kwa sekunde kwa umbali wa mita 100, kazi ambayo kanuni yake ilipitishwa mwaka 1999. Mwaka 2016 ikaongezwa kanuni ya gigabiti 2.5, na Cat5e ile ile ikaruhusiwa kuibeba kwa mita 100. Cat6 hupimwa hadi megahezi 250. Hubeba gigabiti 5 kwa mita 100, na gigabiti 10 kwa mita 55 hivi mazingira yakiwa mazuri, ila hushuka hadi mita 37 kebo nyingi zikifungwa bunda moja. Anayetaka gigabiti 10 kwa mita 100 kamili anahitaji Cat6A, ya megahezi 500. Cat8 hufika megahezi 2000 na kubeba gigabiti 25 au 40, lakini kwa mita 30 tu, maana iliundwa kwa ajili ya vyumba vya seva ambako mashine zimepangwa kabati kwa kabati. Haikuundwa kwa sebule.

Cat7 ni kisa cha pekee. Imo katika kanuni za kimataifa za ISO, lakini chama cha Marekani kinachotunga kanuni za nyaya, TIA, hakikuikubali kamwe. Vichwa vilivyokusudiwa kwa ajili yake si hivi vya RJ45, vya plastiki na pini nane, tunavyovijua. Kwa hiyo kebo bapa iliyoandikwa Cat7 na kufungwa kichwa cha kawaida cha RJ45 ni jina tu. Mara nyingi nyuzi zake ni nyembamba kuliko za Cat5e ya kawaida, na jozi zake (nyuzi nane za kebo husokotwa mbili mbili ili kufuta kelele) hazikusokotwa ipasavyo. Tukiulizwa tuchague kati ya hiyo na Cat5e ya shaba ya bei nusu, hatufikiri mara mbili.

Kuna pia wanaouziwa Cat8 kwa ahadi kwamba michezo ya mtandaoni haitachelewa. Ishara husafiri ndani ya kebo kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya mwanga, iwe Cat5e au Cat8. Mita 20 huzimaliza kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Mchezo unaokwama una sababu nyingine, na aghalabu ni waifai iliyosongamana kwenye ploti yenye rauta hamsini.

Sasa shaba. Kebo nyingi za bei nafuu sokoni ni za alumini iliyopakwa shaba juu, na wauzaji wengine huziita kwa herufi CCA. Ukizitazama kwa nje huoni tofauti. Kanuni za TIA na ISO zinataka shaba tupu, kwa hiyo kebo ya alumini haistahili kuitwa Cat5e wala Cat6 hata kama maandishi yake yamenyooka namna gani. Uzi wa namna hiyo huuzuia umeme kwa kiasi cha nusu zaidi ya uzi wa shaba wenye unene ule ule. Kwa mita tano nyuma ya runinga huenda usione lolote. Kwa mita 60 kutoka paani hadi nyumba ya chini, utaona.

Ubaya mkubwa zaidi huja taratibu. Meno ya kichwa cha RJ45 hutoboa ile ngozi ya shaba na kugusa alumini. Alumini ikipata hewa hushika kutu yake nyeupe isiyopitisha umeme, na kwa kupata joto na baridi kila siku uzi hulegea ndani ya kichwa. Kebo iliyofanya kazi siku fundi alipoondoka huanza kukatika miezi kadhaa baadaye, na mwenye nyumba humlaumu mtoa intaneti. Tena alumini ni mwepesi wa kukatika: uzi wa soketi ya ukutani ukikunjwa mara chache huvunjika ndani ya ganda lake pasipo mtu kuona.

Wenye kamera za ulinzi ndio huumia mapema. Chukua kamera ya volti 12 inayolishwa umeme kupitia kebo hiyo hiyo ya data, ikivuta ampea 1 kwa umbali wa mita 30, umeme ukipita kwenye jozi mbili. Kwa Cat5e ya shaba, volti 2.5 hupotelea njiani na kamera hubaki na 9.5. Kwa alumini hupotea karibu volti 3.9 na kubaki 8.1. Mchana kamera huvumilia. Usiku taa zake za kuonea gizani zinapowaka huvuta umeme zaidi, volti hushuka, kamera huzima na kujiwasha tena hadi alfajiri. Watu hubadilisha kamera mara mbili kabla ya kuishuku kebo. Vifaa vya PoE (umeme kupitia kebo ya data) vya kanuni rasmi, vinavyotumia volti 48 hivi, hustahimili zaidi kwa kuwa volti ikiwa juu mkondo wa umeme huwa mdogo, lakini hata hapo bunda la kebo za alumini hupata joto kuliko la shaba.

Kuitambua si kazi ngumu. Kwaruza uzi kwa ncha ya kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini huonyesha weupe mara tu ngozi inapotoka. Pima uzito. Katoni ya mita 305 ya Cat5e yenye nyuzi za milimita 0.51 ina takriban kilo 4.5 za shaba peke yake, kabla ya plastiki. Nyuzi za alumini za unene huo hazifiki kilo 2. Katoni nzima ikiwa na kilo tano hivi, hesabu ya shaba haikubali. Kisha soma maandishi ya ubavuni mwa kebo: 24AWG (AWG ni kipimo cha Marekani cha unene wa uzi, nambari ikipanda uzi huwa mwembamba) ni unene wa kawaida wa Cat5e, 23AWG ndio wa Cat6 nyingi, wa milimita 0.57. Kebo isiyoandika unene wowote iache dukani. Lakini usidanganyike na ule msalaba wa plastiki unaotenganisha jozi ndani ya Cat6. Kuwepo kwake si ushahidi, na kukosekana kwake si kosa, maana kanuni haiulazimishi.

Tuje kwenye vichwa, ambako sisi mafundi ndio tunaoharibu. Mpangilio wa rangi za nyuzi uliozoeleka, T568B, kuanzia pini ya kwanza, ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kijani kinarukwa makusudi: pini ya 3 na ya 6 ni jozi moja. Kuna fundi anayeona uzito wa kukumbuka, akapanga rangi kwa kufuatana, chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, mradi pande zote mbili zifanane. Kipimaji cha taa huwaka moja hadi nane bila kasoro na mteja hulipa. Lakini kipimaji hicho huonyesha tu kwamba uzi umefika upande wa pili. Hakijui umesokotwa na nani. Pini ya 3 na ya 6 sasa zimetoka katika jozi mbili tofauti, ule msokoto wa kufuta kelele hauna kazi tena, na ishara za jozi moja huvujia nyingine. Kwa mita tatu kebo hujikongoja. Kwa mita 30 mawasiliano hukatika kila mara, au hayaanzi kabisa.

Kosa la pili ni kufumua msokoto kupita kiasi. Milimita 13 ndio mwisho, na ganda la nje liingie ndani ya kichwa libanwe na ule ulimi wa plastiki, vinginevyo nyuzi ndizo zitakazobeba uzito wa kebo. Vichwa navyo huchaguliwa kulingana na kebo: nyuzi za Cat6 hukataa kuingia vichwa vingi vya Cat5e, na fundi akizilazimisha, mbili au tatu hazifiki mwisho. Ikiwa kebo inapita ukutani, ni bora kuimaliza kwenye soketi, kisha kutoka hapo utumie kebo fupi ya nyuzi laini iliyofungwa kiwandani. Hesabu ya mita 100 yenyewe imejengwa hivyo: 90 za ukutani na 10 za kebo fupi za pande zote mbili.

Dalili ya kebo mbovu ni rahisi kusoma. Fungua taarifa za mtandao kwenye kompyuta uone kasi ya kiungo: megabiti 1000 au 100. Ikisema 100 ilhali rauta na kompyuta zote ni za gigabiti, basi moja ya jozi nne haijafika. Gigabiti 1 huhitaji nyuzi zote nane, kasi ya 100 hutosheka na nne, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Vifaa vinaposhindwa kuelewana kwa nane hushuka kimya kimya hadi nne. Faili ya gigabaiti 10 inayohamishwa kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa sekunde 85 hivi kwenye gigabiti nzima itachukua zaidi ya dakika 14 kwenye kasi ya 100. Anayelipia megabiti 500 naye atapima asubuhi na jioni na kupata 94 au 95 tu. Nambari hizo mbili zikijirudia, usipige simu kwa mtoa huduma kwanza. Tazama kebo fupi kati ya kisanduku cha faiba na rauta, uhesabu rangi zinazoonekana kwenye kichwa. Baadhi ya kebo zinazokuja ndani ya katoni za vifaa vya bei ya chini zina nyuzi nne tu. Pia tazama milango ya rauta yenyewe, kwani ziko nyingi ambazo mwisho wake ni 100, na hapo kebo haina hatia.

Ushauri wetu kwa mpangaji: Cat5e ya shaba, basi. Hakuna kifurushi cha hadi gigabiti 1 kitakachoishinda. Kwa anayejenga Ruiru au Syokimau, weka Cat6 ya shaba, kwa kuwa gharama kubwa ni kupasua ukuta na si kebo, na upitishe nyaya mbili kila pointi ndani ya bomba la plastiki ili kesho ya gigabiti 10 isihitaji patasi. Usikunje kona kali: nusu kipenyo cha kona kisipungue mara nne ya unene wa kebo, yaani sentimita 2.5 hivi kwa Cat6. Usiipitishe bomba moja na nyaya za umeme. Zikikutana, zivukane kwa msalaba.

Kebo zenye karatasi ya metali ndani, ya kuzuia kelele, hazina faida kubwa kama ile karatasi haikuunganishwa na ardhi, na nyumba nyingi za kupanga zina soketi za matundu matatu ambazo tundu la ardhi halijaungwa popote. Nunua isiyo na karatasi.

Nje ya nyumba, kebo ya kijivu ya ndani hupasuka kwa jua, na mvua za Machi hadi Mei huingia. Tumia ganda jeusi la nje, na kabla kebo haijaingia ukutani iache ining'inie kwa kitanzi ili maji yadondokee hapo. Kati ya jengo moja na jingine, pitisha faiba. Shaba huleta radi ndani hadi kwenye swichi.

Ombi letu kwa Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) na kwa waagizaji ni dogo. Kila katoni ya kebo ya mtandao iandikwe mbele, kwa herufi zinazosomeka na kwa Kiswahili, ikiwa nyuzi zake ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba, pamoja na unene wa uzi kwa milimita na uzito wa katoni. Wanaouza kwa mita wabandike karatasi hiyo hiyo kwenye roli.

Mafundi wa nyaya za mitandao,
Nairobi